Chumba cha Karibu na Bomba

Mimi si mtu wa mikutano. Nikialikwa harusi nafika wakati wa keki, na nikialikwa harambee nasingizia mgongo. Lakini mkutano wa wenzangu wa chuo cha ualimu, tawi la Thika na Ruiru, sijakosa hata mmoja tangu tuuanzishe. Hotuba sizitaki, na nyama naweza kuchoma kwangu Kamenu. Naenda kwa sababu ya kuitana.

Chuoni, kila jioni, kiranja wa bweni letu alisimama mlangoni akaita vyumba. Hakuita majina ya watu. Vyumba tulikuwa tumevibatiza wenyewe: cha ngazini, cha dirisha bovu, cha mwisho gizani, na chetu, cha karibu na bomba. Kila chumba kilikuwa na wasichana wawili. Chumba kikiitwa, wawili wanajibu, "Tuko." Mmoja akikosekana, mwenzake anamwitikia, yaani anajibu kwa niaba yake: "Mimi niko, na mwenzangu yuko, yuko salama." Huyo mwenzake huenda wakati huo ameshika viatu mkononi anaruka ua kwenda disko mjini. Kiranja alijua, nasi tulijua kwamba anajua. Mwenzangu wa chumba aliupenda sana ule ua, kwa hivyo mimi niliitikia sana.

Tulipoanza kukutana ukubwani, wengi tukiwa walimu huku Kiambu na wengine wameshaikimbia chaki, mchezo huo ulijirudia wenyewe. Kiranja alikuwa bado yupo, sasa naibu mwalimu mkuu, mwili umeongezeka na sauti vilevile. Alisimama siku ya kwanza akaita, "Cha ngazini!" na watu wazima wakaitikia huku wakifuta machozi ya kicheko.

Kicheko kilipungua baadaye. Mwenzetu mmoja alikuwa akiishi peke yake kwenye nyumba ya kupanga Kahawa Sukari. Siku moja hakuja mkutanoni, na mwenzake wa chumba akamwitikia kwa mazoea tu, yuko, yuko salama, tukapiga makofi tukarudi kwenye sahani zetu. Kumbe alikuwa amekufa ndani ya nyumba, mlango umefungwa, na hakuna aliyekuwa amemtafuta. Baada ya mazishi kiranja alituweka kando ya magari akatupa sheria. Kuanzia siku hiyo haitikii mtu ambaye hajasikia sauti ya mwenzake ndani ya wiki ya mkutano. Alisema sauti, si ujumbe. Kama hujaisikia, sema hujaisikia, na hakuna atakayekula mpaka mtu aende akaone kwa macho.

Basi wiki ya mkutano ikawa wiki ya kupigiana simu. Watu ambao mwaka mzima hawasalimiani walitafutana ili tu nyama isichelewe, na sheria haikuwahi kuvunjwa wala kuhitajika. Mpaka mkutano wa likizo ya Agosti, pale Thika.

Mwenzangu wa chumba alitoka Bungoma, akaolewa na mwanafunzi mwenzetu wa bweni la wanaume, wakajenga Ruiru. Sote tulicheza kwenye harusi hiyo. Mumewe ni mtu wa watu. Ndiye anayeshika kipaza sauti kwenye sherehe zetu, ndiye anayechoma nyama, na mtu akifiwa ndiye wa kwanza kufika na viti. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba siku ile watu wote pale walimpenda, nami nilikuwa mmoja wao.

Mwenzangu hapendi kuandika. Tangu simu zianze kurekodi sauti, yeye hunitumia sauti, ndefu, ya kulalamika na kucheka, na huanza kwa kunitusi: "Wewe kichwa ngumu." Mwezi ule sauti zilikatika. Nikipiga simu haipokelewi. Kisha unakuja ujumbe ulioandikwa vizuri, wenye vituo na herufi kubwa: "Niko salama mpendwa, Mungu ni mwema, nitakutafuta." Mpendwa! Miaka yote hiyo sijawahi kuwa mpendwa wa mtu yule. Nilimwonyesha mume wangu, naye akaniambia nisiingie nyumba za watu.

Niliingia hata hivyo, au nilijaribu. Nilienda Ruiru, nikabisha geti lao jeusi. Mumewe akatoa kichwa tu, akatabasamu, akasema mkewe ametoka kidogo kwenda saluni. Nikasema nitamngoja. Akasema, "Ngoja tu, shemeji," akafunga geti. Nilikaa kwenye gari mpaka jua likapoa, na hakuna aliyekuja na nywele zilizosukwa wala zisizosukwa. Nikarudi Thika nimekasirika, na nikajikasirikia mwenyewe zaidi, kwa sababu nilijiona mmbea. Shule zilikuwa zimefungwa, hivyo hakuna mwalimu mwenzake wa kuuliza. Mtoto wao alikuwa kwa nyanya yake kwa likizo. Mwanamke anaweza kupotea kabisa mwezi wa Agosti na kila mtu akadhani anapumzika.

Siku ya mkutano nilifika mapema, kitu ambacho kiliwashangaza watu. Tulikuwa tumekodi bustani ya hoteli moja ndogo, na upepo ulikuwa unatoka upande wa viwandani, ukileta ile harufu tamu ya mananasi yanayopikwa ambayo sisi wa Thika tumeacha kuisikia. Nilitazama kila gari lililoingia. La mume wa mwenzangu lilipoingia, alishuka peke yake. Akavua koti, akalitundika kwenye kiti karibu na jiko, akafunga aproni na kuanza kuwagawia watu mizaha.

Nilimwendea.

"Shemeji! Karibu, karibu. Leo mtakula mpaka msahau kwenu."

"Mwenzangu yuko wapi?"

"Si alienda kwao Bungoma. Presha ya mamake imepanda kidogo."

"Na simu?"

"Network ya huko si unaijua."

Naijua. Nimekula Krismasi kwenye nyumba ya mamake, na mtandao wa huko unashinda wa kwangu. Nilimtazama mikono. Alikuwa anageuza mbavu kwa utaratibu, hakutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia baridi. Nilirudi kwenye kiti changu nikanywa soda bila kusikia ladha yake. Nilijiambia pengine kweli yuko Bungoma. Nilijiambia pia kwamba kuitana kukianza, nitalazimika kusema kitu, na chochote nitakachosema hakitarudi mdomoni.

Kulikuwa na sala, kukawa na hotuba, kukawa na wale akina mama wa kutoka Juja waliovaa leso za kufanana wakacheza mwomboko na mabwana zao. Watu walipiga picha. Nyama ikaiva, ikakatwakatwa, ikafunikwa. Kisha kiranja akasimama mbele, mikono nyuma kama zamani, na bustani ikatulia.

"Cha ngazini!"

"Tuko!"

"Cha dirisha bovu!"

"Mimi niko, na mwenzangu yuko, yuko salama. Nimeongea naye jana, ako Nakuru kwa mitihani."

"Cha mwisho gizani!"

Wakaitikia hao nao, na kila chumba kilichojibu kilinisogezea changu. Chetu huitwa mwisho, kwa sababu bomba lilikuwa mwisho wa korido. Nilitaka sana kusema uongo. Lazima niseme hivyo. Maneno yalikuwa tayari kinywani, yale yale niliyoyasema nikiwa msichana, mepesi, na yangemaliza kila kitu. Tungekula. Mume wangu angesema nilifanya la busara.

"Cha karibu na bomba!"

Nilisimama. "Mimi niko," nikasema, nikanyamaza.

Mtu akacheka, akidhani natania. Kiranja hakucheka. Alingoja. Na katika huo ukimya ikaja sauti ya mwanaume kutoka kwenye jiko, changamfu, ya mtu aliyezoea kipaza sauti:

"Na mwenzake yuko, yuko salama! Amelala tu nyumbani, ako na homa. Sasa tule jameni."

Wanaume wengine wakapiga makofi. Lakini upande wetu, kwenye viti vya bweni la wanawake, hakuna aliyepiga. Kwenye kuitana mume hamwitikii mke. Hilo hata halikuhitaji sheria. Bweni lao lilikuwa ng'ambo ya uwanja, na mwanaume aliyejibu mlangoni petu zamani angefukuzwa chuo. Yeye alijua vizuri. Nadhani alikuwa na haraka, na haraka ikamsahaulisha alikotoka.

"Asubuhi umeniambia yuko Bungoma," nikasema. Sauti yangu ilitoka nyembamba kuliko nilivyotaka.

"Alirudi."

"Lini?"

"Shemeji, kwani sasa hii ni korti?" Akaangalia watu, akitafuta kicheko, na akapata kidogo.

Jamaa mmoja anayesimamia stoo kwenye kiwanda cha nguo, mtu mzuri tu, akageuka kwenye kiti chake. "Mwalimu, si uitikie tu? Nyama inapoa. Maneno ya bwana na bibi si ya kuleta hapa."

"Ata mimi naona hivyo," mwingine akasema. "Tusiharibu siku."

Uso ulinichoma. Ninajulikana kwa hasira, na nilijua wanachofikiri: huyu naye ameanza. Nikashika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili. Kiranja akauliza polepole, kama anayemuuliza mtoto darasani, "Umesikia sauti yake wiki hii?"

"Sijasikia."

"Mwezi huu?"

"Sijasikia."

"Basi hujaisikia," akasema. Akatoa simu kwenye mkoba, akavaa miwani yake, akatafuta namba na kupiga.

Simu ya mwenzangu huwika. Aliuchagua mlio wa jogoo ili wanafunzi wake wa darasa la tatu wacheke. Jogoo akawika pale pale bustanini, karibu na jiko, ndani ya lile koti lililotundikwa kwenye kiti. Akawika tena. Watu walitazama koti lile, kisha wakamtazama mwenye koti, naye alikuwa ameshika kisu cha kukatia nyama na hakujua akiweke wapi.

"Aliisahau," akasema. "Nilikuwa naipeleka kwa fundi. Kioo kimepasuka."

Jogoo aliendelea kuwika mpaka kiranja akakata simu. Yule jamaa wa stoo ndiye aliyenyanyuka wa kwanza. Alienda mpaka kwenye jiko, akachukua kile kisu mkononi mwa rafiki yake bila nguvu yoyote, akakilaza mezani. "Chukua koti, boss," akamwambia. "Twende tukamsalimie mgonjwa."

Hakuna aliyekula. Tuliacha nyama imefunikwa, tukapanda magari. Walimkalisha katikati ya wanaume wawili wa bweni lake kwenye gari la kiranja, na hawakumshika, ila hakukuwa na mlango upande wake. Mimi niliendesha langu nyuma yao. Kutoka Thika hadi Ruiru barabara ni pana na rahisi, na siku hiyo niliichukia kwa urahisi wake, kwa sababu nilikuwa naogopa kufika. Niliogopa amekufa. Nilikuwa nimeliweka neno hilo mbali mwezi mzima, na sasa lilikaa nami kwenye gari. Niliwaza Kahawa Sukari, mlango ule uliofungwa. Nikawaza jinsi nilivyokaa nje ya geti lao nikijiita mmbea, huku pengine yeye amelala upande wa pili wa ukuta. Dada mmoja wa bweni letu aliyekaa kando yangu aliomba kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini, tangu Juja mpaka tulipoacha barabara kubwa. Sikumwambia anyamaze, ingawa kawaida ningemwambia.

Geti jeusi lilikuwa na kufuli kwa nje. Nilipoiona ile kufuli niliegemea gari. Magari yetu yalijaza kibarabara chote, majirani wakaanza kuchungulia. Mumewe alishuka akasimama katikati ya wenzake.

"Mnanitia aibu kwangu," akasema. "Mke wangu ni mgonjwa. Mnataka kumwamsha na kelele?"

Kiranja alisogea mpaka kwenye geti, akarudisha mikono nyuma. Nilijua atakachofanya kabla hajafungua kinywa.

"Cha karibu na bomba!"

Aliita kwa ile sauti ya korido, iliyotutoa vitandani miaka ile. Mbwa wa jirani wakabweka. Nikasema, "Mimi niko," na ikanilazimu kuirudia kwa sababu mara ya kwanza haikutoka. Kisha tukangoja. Kundi zima la watu waliovaa nguo zao nzuri walisimama mbele ya geti lililofungwa, na kulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia maji yakichuruzika kwenye tangi la nyumba ya pili.

"Niko."

Ilitoka ndani, juu, nyuma ya dirisha lenye pazia. Ilikuwa ndogo na yenye mikwaruzo, lakini ilikuwa yake. Dada aliyeomba njiani akaketi chini kwenye vumbi na nguo yake ya kitenge. Mimi nililia waziwazi.

Lakini jibu letu lina sehemu mbili, na kila aliyelala kwenye bweni lile anajua. Mtu akishasema yuko, husema yuko salama. Tuliingoja sehemu ya pili. Hata wanaume waliingoja. Pazia lilitikisika kidogo, likatulia, na hakuna neno lililokuja.

Kiranja akageuka na kunyoosha mkono kwa yule bwana, kiganja juu, kama anavyodai kitu alichokishika mwanafunzi. Alimtazama kiranja, akawatazama marafiki zake mmoja mmoja, na hakuna aliyemwangalia usoni. Akatoa funguo.

Yaliyofuata, ya hospitali na ya polisi, ni yake mwenyewe kuyasimulia akitaka. Mimi nitasema tu kwamba alitoka na malapa na kitambaa alichokivuta mpaka kwenye jicho, amekonda, na kwamba wanawake wa bweni letu walimzunguka kiasi kwamba mumewe hakumwona akipita. Alikataa gari la kiranja. Alikuja kwenye langu, akakaa mbele, akajifunga mkanda mwenyewe, ingawa ilimchukua muda.

Tuliingia barabara kubwa kuelekea hospitali. Sikujua niseme nini, nami ni mtu ambaye hujua daima. Mwishowe nikamwambia nisamehe, ningeitikia mapema tu tusingekuaibisha mbele ya majirani. Lilikuwa neno la kipumbavu, lilinitoka kwa sababu nilitaka kusema lolote.

"Wewe kichwa ngumu," akasema.

Aliangalia barabara. Alikuwa ameshika mkono wangu uliokuwa kwenye gia, na mkono wake ulikuwa na joto la homa. Basi homa hiyo ilikuwa kweli.

"Nilijua leo ni kuitana," akasema. "Alipotoka asubuhi nilikaa dirishani. Nilikuwa naomba siku yote usiniitikie."